Mtoto Aliyesomea Utawala Aweza Pia Kuutunza Mto



Mwezi uliopita nilifika Kaptembwo, upande wa magharibi wa jiji la Nakuru, kwa shughuli za gazeti hili. Hapo nilikutana na mama mmoja ambaye shamba lake liko kule juu, upande wa Njoro. Alikuwa amemletea mwanawe gunia la viazi na debe la mahindi. Mwanawe amepanga chumba kimoja Kaptembwo na huendesha bodaboda. Kazi hiyo ni halali, wala sina neno nayo. Lakini kijana huyo alimaliza chuo kikuu miaka mitatu iliyopita, na cheti chake cha utawala wa umma kimelala chini ya kitanda ndani ya mfuko wa plastiki.

Mama aliniuliza swali, nami nikaahidi kulijibu katika ukurasa huu. Alisema, "Bwana, mimi niliuza ng'ombe wawili wa maziwa ili huyu asomee utawala. Sasa ananiambia anataka kazi ya kutunza misitu na mito. Je, niuze na ng'ombe wa tatu akaanze masomo upya?"

Nilimwambia palepale asiuze. Sababu zangu ni hizi, na naziandika kwa kirefu kwa kuwa najua wako wengi kati yenu wenye mtoto wa namna hiyo, na baadhi yenu mmekwisha kumwita mnunuzi wa ng'ombe.

Watu wengi wanadhani mtunza msitu ni yule mwenye sare ya kijani, na kwamba Bwana Nyama ni lazima awe amesomea mifupa ya twiga. Watu hao wanahitajiwa, tena sana. Kwa mtoto ambaye bado hajaanza masomo na ambaye moyo wake uko porini, chuo cha misitu kiko Londiani, si mbali nasi, na chuo cha Mweka karibu na Moshi kimefundisha watunza wanyama tangu mwaka 1963. Lakini tukitazama nani walioziendesha mbuga na hifadhi za Afrika Mashariki, tutaona kwamba wengi hawakuanzia kwenye mifupa ya twiga.

Mervyn Cowie, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1909, alisomea uhasibu Uingereza. Aliporudi aliona wanyama wa nyanda za karibu na Nairobi wanapungua upesi, na kila alipoomba walindwe hakusikilizwa. Basi akaandika barua gazetini, akajificha nyuma ya jina la "Mlowezi wa Zamani", akataka wanyama wote wauawe. Wasomaji walikasirika, wakaanza wenyewe kudai wanyama walindwe, na hilo ndilo alilokuwa akilitaka. (Siwashauri mjaribu hila hiyo na mwenyekiti wa chama chenu cha maziwa.) Mbuga ya Nairobi ilitangazwa mwaka 1946, na mtu huyu wa hesabu akawa mkurugenzi wa kwanza wa mbuga za taifa. Alikaa hapo hadi mwaka 1966, ndipo Perez Olindo alipokuwa Mwafrika wa kwanza kuishika kazi hiyo.

Kwa jirani zetu wa Tanzania mambo yalikuwa hivyo hivyo. John Owen, aliyeziongoza mbuga za taifa za huko tangu mwaka 1960, alikuwa kwanza afisa wa utawala katika Sudan. Henry Fosbrooke, aliyekuwa mhifadhi wa Ngorongoro miaka ya mwanzo ya 1960, aliingia Tanganyika kama afisa wa utawala, akajifunza desturi za Wamasai kabla ya kupewa hifadhi. Na huko Ngorongoro, tangu hifadhi ilipotengwa na Serengeti mwaka 1959, shida kubwa haikuwa simba. Shida ilikuwa nani alishe ng'ombe wake wapi, na ahadi waliyopewa wenyeji imeandikwa katika karatasi gani, na nani anaishika karatasi hiyo. Mambo hayo yanabishaniwa hata leo.

Hapa kwetu, shirika la wanyamapori liliongozwa kutoka mwaka 2004 hadi 2012 na Julius Kipng'etich, mtu aliyesomea biashara. Baadaye, mwaka 2016, likaongozwa na mtu wa benki, na mwaka 2019 na mwanajeshi mstaafu. Sisemi wote walifanya vizuri sawasawa. Nasema tu kwamba mlango huo haujafungwa kwa mtu asiyesomea elimu ya wanyama.

Lakini hao ni wakubwa, na mama yule hakuniuliza habari za wakurugenzi. Na tushuke basi mpaka mtoni.

Mto Njoro mnaujua. Unatoka katika msitu wa Mau Mashariki, unapita mashamba ya skimu, unapita Njoro penyewe na Chuo Kikuu cha Egerton, kisha unateremka kando ya mitaa ya magharibi ya Nakuru mpaka unaingia ziwani. Anayelima juu na anayefua nguo chini wanatumia mto mmoja, ingawa hawajuani. Mvua kubwa ikinyesha, udongo wa shamba lako unapita hapo rangi ya chai ya maziwa, pamoja na ile mbolea uliyoinunua kwa pesa nyingi. Nani asiyejua kwamba hilo ni baya? Bwana Shamba amesema, redio imesema, hata watoto wa shule wanaimba. Elimu ya matuta, majani ya kuzuia udongo na miti ya kando ya mto tumekuwa nayo kwa miaka mingi sana.

Sasa nikuulize, wewe mwenye shamba kando ya mto: ni hatua ngapi kutoka kwenye maji usizoruhusiwa kulima? Kanuni za kilimo za mwaka 1965, kwa vipimo vya leo, zilisema mita 2 kwa kijito chembamba, na kwa mto mpana kuliko hapo, umbali sawa na upana wa mto wenyewe, lakini usizidi mita 30. Kanuni za maji za mwaka 2007 zikasema isiwe chini ya mita 6 wala isizidi 30, na zikaanza kupima kutoka ukingo wa juu wa mto. Na watu wa mipango ya miji nao wana kipimo chao. Basi mkulima wa kando ya mto anatembelewa na afisa mmoja leo, anaambiwa ang'oe mistari mitatu ya sukumawiki. Mwezi ujao anakuja mwingine, anamwambia ang'oe kumi. Wa tatu akija, mkulima hamsikilizi tena, tena mimi simlaumu sana.

Je, hiyo ni shida ya elimu ya mimea? La. Miti inajua kumea. Hiyo ni shida ya utawala: ofisi tatu ambazo hazijakaa meza moja, na kipimo ambacho hakijaandikwa kwa lugha ambayo mwenye jembe anaisoma. Mtu wa kuondoa shida hiyo ni yule aliyefundishwa jinsi sheria inavyotungwa, jinsi ofisi zinavyogawana kazi, jinsi mkutano unavyoitishwa, na jinsi azimio linavyofikishwa kwa mwananchi. Na hayo ndiyo mambo aliyoyasoma kijana wa Kaptembwo kwa miaka minne.

Wako wazee watakaonikumbusha kwamba watawala walikuwako zamani, na hatukuwapenda. Ni kweli. Wakati wa ukoloni watu walilazimishwa kuchimba matuta, zamu kwa zamu, wake kwa waume, na asiyechimba alitozwa faini. Mwaka 1947 watu wa Murang'a walikataa. Lakini tazameni jambo hili vizuri. Tuta lenyewe lilikuwa jema. Baada ya uhuru wakulima wengi walilichimba tena kwa hiari yao, wakapanda majani ya ng'ombe juu yake, na leo ukipita Murang'a utayaona. Yaani wataalamu wa udongo wa zamani zile walikuwa na haki, na utawala wao ulikuwa mbaya, na kwa sababu ya utawala mbaya elimu nzuri ilichukiwa kwa miaka mingi.

Kadhalika habari ya Mau. Sitaki kutonesha kidonda, maana wengine mnaosoma hapa mnakaa juu ya kidonda chenyewe. Mwaka 2001 ilitangazwa kwamba zaidi ya hekta 35,000 za Mau Mashariki zitolewe katika msitu ili watu wapewe mashamba. Mwaka 2008 kikaundwa kikosi cha kuchunguza msitu wote wa Mau, kikatoa ripoti mwaka 2009, na tangu hapo mara kwa mara watu wamekuwa wakiulizwa: Wewe ulipewa na nani? Jina lako limo katika orodha gani? Jiwe la mpaka liko wapi? Watu waaminifu wameshindwa kujibu, kwa kuwa orodha zilikuwa zaidi ya moja na karatasi hazikulingana. Na wadanganyifu wamejibu vizuri sana. Kila hekta iliyolimwa mahali pasipostahili kulimwa ilianza na orodha iliyoandikwa vibaya, au iliyoandikwa vizuri na mtu mbaya.

Hata mtindo wa shamba, ule wa kulima viazi na maharagwe katikati ya miche michanga ya serikali mpaka miti ifunge kivuli, umesimamishwa zaidi ya mara moja na kuruhusiwa tena. Mpango wenyewe ni mzuri: mkulima anapata chakula, mche unapaliliwa bure. Unaharibika pale mtu mmoja anapopata vipande kumi kwa majina ya jamaa zake, na mjane aliyekuja mapema anarudi nyumbani bila hata kimoja. Daftari la ugawaji likiwa wazi juu ya meza, na kila jina likasomwa mbele ya watu, miche hupona. Nimeliona jambo hilo kwa macho yangu.

Na tusisahau wanyama. Sheria ya mwaka 2013 inasema mtu akiuawa na mnyama wa porini wa aina zilizotajwa humo, jamaa zake walipwe shilingi milioni 5, na aliyeumizwa akabaki kilema alipwe milioni 3. Mazao na mifugo vilevile vina fidia yake. Madai yanapitia kwa kamati ya kaunti, ambamo mna maofisa wa serikali pamoja na wawakilishi wa wananchi. Wengi wenu mnajua madai yaliyokaa miaka na miaka. Sehemu ya sababu ni upungufu wa pesa, hilo halifichiki. Lakini sehemu nyingine ni faili lenyewe. Tarehe haipo, picha haikupigwa, ripoti ya polisi ina jina moja na kitambulisho kina jingine, na tathmini ya Bwana Shamba ilifanywa wakati mahindi yamekwisha kulimwa upya. Mkulima ambaye nyati amemla shamba, na ambaye faili lake limerudishwa mara tatu, hatamlinda nyati wa nne. Ataweka mtego. Karani mmoja hodari anayejua kulijenga faili siku ileile ya hasara anaweza kuokoa wanyama kuliko askari wengi.

Mimi mwenyewe nina deni katika jambo hili, na nitalisema. Nilipokuwa kijana nilikuwa mwandishi wa kikundi kimoja cha kuotesha miche. Tulikuwa tumeahidiwa msaada wa mipira ya maji na waya wa uzio, tukatakiwa tupeleke kumbukumbu za mikutano mitatu. Mikutano tuliifanya. Kumbukumbu sikuziandika, kwa uvivu, nikidhani kila mtu anakumbuka. Msaada ulikwenda kwa kikundi kingine, na miche yetu, karibu elfu mbili, ilikauka mwezi wa pili. Wale kina mama waliochota maji kwa ndoo kuimwagilia hawakunisema sana, na hilo liliniuma zaidi.

Basi kijana aliyesomea utawala afanye nini? Nitasema wazi kwamba nafasi za kazi si nyingi, na asiyesema hivyo anawadanganya. Ziko lakini. Shirika la wanyamapori, lililoundwa mwaka 1989, lina watu wa kushughulika na wananchi, watu wa mipango, watu wa ununuzi na wa wafanyakazi. Idara ya misitu iligeuzwa kuwa shirika baada ya sheria ya mwaka 2005, na shirika hilo nalo lina watu hao. Mamlaka ya mazingira, iliyotokana na sheria ya mwaka 1999, na mamlaka ya maji zinahitaji watu wa kusikiliza malalamiko na kuita mikutano ya hadhara. Serikali za kaunti tangu mwaka 2013 zina idara zao za mazingira. Kisha ziko hifadhi za watu binafsi na za jamii, ambazo sheria ya 2013 ilizitambua. Soysambu kule Elmenteita ni jirani yetu, na upande wa Mara wako wenye ardhi wengi waliokodisha mashamba yao kwa hifadhi. Huko, kila mwisho wa mwezi, kazi kubwa ni mikataba na malipo ya wenye ardhi. Chui hawezi kuifanya kazi hiyo.

Na mkumbuke kwamba ziwa letu limeandikwa katika mikataba ya dunia: ya ardhi zenye maji mwaka 1990, na ya urithi wa dunia mwaka 2011 pamoja na Bogoria na Elmenteita. Mikataba hiyo inadai taarifa, ramani na mipango. Maji ya ziwa yalipopanda tangu mwaka 2010 hivi, yakafunika lango kuu la mbuga na kuwahamisha watu katika nyumba zao, palihitajika mtu wa kuorodhesha nani amehama na alikuwa na nini. Wataalamu wa maji wanaweza kueleza kwa nini ziwa limejaa. Lakini familia iliyolala kwa jirani inataka kujua jina lake limo katika daftari la nani.

Hata hivyo cheti peke yake hakitoshi, na hapa nawageukia vijana. Mtu anayetaka kuutunza mto aujue mto. Atembee kutoka msituni mpaka ziwani, kwa miguu, siku mbili au tatu, aulize wenye mashamba. Akae na Bwana Shamba ajue mteremko unavyopimwa, na kwa nini kanuni za 1965 zilikataza kulima mahali panapozidi asilimia 35. Asome sheria nne: ya mazingira ya 1999, ya wanyamapori ya 2013, ya misitu ya 2016 na ya maji ya 2016. Zote zinapatikana bure kwenye simu aliyo nayo mfukoni. Yako pia mafunzo mafupi ya kupima madhara ya miradi kwa mazingira, na gharama yake hailingani hata na ndama. Nawaonya tu juu ya mtu anayekuja na barua ya kazi na kudai laki mbili ili aitie sahihi. Huyo ni mwizi, hata akiwa amevaa tai, hata akiwa ni wa ukoo wenu. Kazi ya serikali hutangazwa wazi, na maombi yake hayalipiwi.

Zaidi ya yote aanze bila mshahara hapo alipo. Sheria ya maji inaruhusu wananchi wa bonde moja waunde chama cha watumiaji maji, na sheria ya misitu inaruhusu chama cha msitu cha jamii. Vyama hivyo viko sehemu zetu. Vingi vina mwenyekiti mwenye sauti kubwa, vina mweka hazina mwaminifu, na havina mwandishi. Au mwandishi yuko lakini ameolewa mbali, na daftari amekwenda nalo. Kijana akikishika kiti hicho kwa mwaka mmoja, akaandika kila mkutano, akatunza ramani ya mashamba ya kando ya mto na majina ya waliopanda miti, atakapokwenda kuhojiwa atakuwa na kitu cha kuweka mezani mbali na cheti. Nanyi wazee mkimpa kiti msimtume kununua soda. Mwacheni asome kumbukumbu za mkutano uliopita kwa sauti, hata mahali panapowaaibisha.

Yote haya nilimweleza mama yule tukiwa tumesimama kando ya barabara, na mwanawe ameegemea pikipiki yake akisikiliza. Kijana hakusema mengi. Aliuliza jambo moja tu, chama cha mto cha kwao hukutana siku gani. Mimi sikuijua siku, lakini mama yake aliijua: Alhamisi ya kwanza ya mwezi, saa nne, kanisani karibu na kiwanda cha maziwa. Akamwambia aje na buti, kwa maana huko juu mvua imekwisha kuanza.